KINYONGA MKALI HATULIZWI KWA MABAVU

Miongoni mwa viumbe wanaoishi karibu na binadamu katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ni wachache wanaosingiziwa mambo mengi kama kinyonga. Mtu asiye na msimamo huitwa kinyonga. Mwanasiasa aliyehama chama huitwa kinyonga. Wako wanaoamini kwamba ana sumu, na wako wanaohesabu kuwa ni mkosi akikatiza njia. Katika hadithi ya kale isimuliwayo na makabila mengi ya Kibantu, yeye ndiye aliyepewa na Mungu ujumbe wa uzima wa milele awapelekee wanadamu, akachelewa kwa mwendo wake wa kusitasita, na mjusi akatangulia na habari ya kifo. Mnyama aliyetwishwa lawama ya mauti ya watu wote hawezi kutazamia kupokewa kwa mikono miwili.

Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa majeshi na wa polisi juu ya kinyonga wa namna moja tu, yaani yule aliyeokolewa kutoka katika mikono mibaya, akawekwa nyumbani au kituoni, na ambaye badala ya kushukuru amegeuka mkali. Twazungumza na askari kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kumpokea. Wanamkuta katika mizigo mpakani, katika masanduku ya uwanja wa ndege, au mikononi mwa watoto mbele ya lango wanalolilinda. Anayempokea kwanza ndiye aamuaye, pengine bila kujua, iwapo mnyama huyo ataishi au atakufa.

MFANO WA KININDO

Tuchukue mfano ulio wa kawaida. Kinindo ni mtaa ulioko upande wa kusini wa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, wenye nyumba za nyua pana na miti ya kivuli. Askari polisi aliye zamu langoni anawaona watoto wakimburuta kinyonga kwa kamba na kumtupia mawe. Anawakemea, anamchukua mnyama, na kwa kuwa hana pa kumweka anamtia katika boksi la katoni lililotobolewa matundu. Jioni anakwenda naye nyumbani. Siku ya tatu, kila afunguapo boksi, kinyonga anavimba mwili, anapanua kinywa, anafoka kama nyoka, na kidole kikimkaribia anakiuma.

Majirani hawakosi ushauri. Mmoja asema auawe kabla hajaleta balaa. Mwingine asema ashikwe kwa nguvu kila siku mpaka azoee, kama mwanajeshi mpya anavyozoezwa gwaride. Shauri la kwanza ni la woga, na la pili ni la ujinga. Lakini la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu hutolewa kwa nia njema.

Kwanza tuondoe hofu. Kinyonga hana sumu, si mdomoni, si katika ngozi, wala si katika kucha. Akiuma, hubana kwa taya na meno madogo. Kwa kinyonga mkubwa kidole huweza kutoka damu kidogo, na maji na sabuni vyatosha. Kwa hiyo katika mapambano haya ya kidole na taya hakuna upande wa binadamu ulio katika hatari. Aliye hatarini ni mmoja tu.

HASIRA AU HOFU?

Kinyonga ni mnyama asiyeweza kukimbia. Miguu yake, yenye vidole vilivyoungana makundi mawili kama koleo, iliumbwa kwa kushika matawi, wala si kwa mbio. Hana gamba kama kobe, hana sumu kama nyoka, na wala hauachi mkia wake kama mjusi ashikwapo. Silaha aliyo nayo ni kutisha. Hujivimbisha kwa hewa, hujibana ubavu apate kuonekana mpana, huyumbayumba na kufoka, hupanua kinywa. Yule aliyeenea sana katika nchi za mbuga na miti ya Afrika Mashariki na Kusini, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, huinua pia mapande mawili ya ngozi yaliyoko kisogoni pake ili kichwa kionekane kikubwa. Yote hayo ni maneno matupu ya mtu mdogo aliyezingirwa: niacheni, nisije nikawaumiza. Hana uwezo wa kuumiza, naye yaonekana alijua hilo kabla yetu, ndiyo maana kuuma hukuweka mwisho.

Rangi nazo husomwa vibaya. Watu wengi hufikiri kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na mahali alipo, na kwamba awekwapo juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu. Sivyo. Rangi yake ya mapumziko humficha vema majanini, lakini mabadiliko yake hasa ni lugha ya kuzungumza na vinyonga wenzake, na pia ni njia ya kupokea joto. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza jinsi jambo hilo linavyotendeka. Katika ngozi ya kinyonga wa Madagaska waliyemchunguza mna chembe zenye fuwele ndogo mno, zilizopangwa kwa safu. Mnyama akiwa ametulia, fuwele hizo hukaribiana, na ngozi huonekana ya kijani. Akisisimka, huachana, na ngozi huingia manjano na wekundu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2014, ulitolewa uchunguzi wa huko Arizona, Marekani, juu ya vinyonga wa asili ya Yemeni. Ulionyesha kwamba madume wawili wapambanapo, yule aonaye kwamba ameshindwa hufifia na kuwa mweusi, na weusi huo humwambia mshindi aache kumshambulia. Hapa twawaomba ndugu askari watulie na kulifikiri jambo hili. Kinyonga aliyemo katika boksi la katoni, mweusi kama mkaa, ambaye watu humwambia kuwa amekasirika na anajiandaa kwa vita, mara nyingi ni mnyama aliyekwisha kuinua mikono. Anayeendelea kumshika kwa nguvu anampiga aliyekwisha kusalimu amri.

Hata hivyo haifai kuisoma rangi peke yake. Kinyonga huwa mweusi pia asubuhi kwa baridi, ili apokee joto la jua upesi. Akipanua kinywa bila kuvimba wala kufoka, huenda ana joto lililomzidi. Jambo hili ni muhimu sana Bujumbura. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la huko si mchezo. Nchini Burundi, kama ilivyo Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo, wako vinyonga wa milimani waliozoea ukungu na baridi. Mmoja ni Trioceros johnstoni, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Mnyama wa namna hiyo akiteremshwa kutoka milimani na kuwekwa Kinindo katika boksi lililopigwa na jua la adhuhuri, hapana haja ya kutafuta sababu nyingine ya ukali wake.

ADUI ATOKAYE JUU

Maadui wakubwa wa kinyonga ni ndege na nyoka wa mitini. Kwa sababu hiyo kitu chochote kishukacho juu yake kwa ghafula, kwake yeye ni mwewe. Sasa tutazame tunavyofanya sisi. Twaliweka boksi sakafuni, twasimama juu yake tukiwa warefu kama minazi, twafunua kifuniko, na mkono mkubwa unashuka kutoka juu moja kwa moja hadi mgongoni pake. Twafanya hivyo mara tano kwa siku ili azoee. Kwa hakika twamfundisha jambo moja tu: kwamba mwewe hurudi mara tano kwa siku.

Macho yake hugeuka kila moja upande wake, hivyo hawezi kujisahaulisha kwamba mpo. Sikio la nje hana, na husikia kwa udhaifu sana. Mtikisiko wa tawi humfikia zaidi kuliko sauti. Kwa hiyo kumkemea ni kazi bure, na kumbembeleza kwa maneno matamu pia ni kazi bure. Amri haimfikii, bali mlango ukipigwa kwa kishindo humfikia.

Jambo jingine lisilofikiriwa ni kwamba kinyonga ni mnyama wa peke yake. Kumletea mwenzake ili asiwe mpweke ni kumletea adui chumbani. Hata sura yake mwenyewe katika kioo humtaabisha, kwani huiona kuwa ni kinyonga mwingine asiyeondoka usiku na mchana. Vinyonga waliokamatwa pamoja ni lazima watengwe, kila mmoja mahali pake, wasionane.

NJIA ZA KUMTULIZA

Twaziandika hapa njia zinazofuatwa na wafugaji wenye ujuzi, kwa maneno ya kutumika nyumbani au kituoni.

Kwanza, mtoe katika boksi. Mtengenezee kizimba cha wavu mwembamba upitishao hewa, chenye urefu wa kwenda juu kuliko upana, na ukijaze matawi yenye majani. Kisiwe cha kioo. Kikiwa hakuna wavu, kichaka cha chungu kilichowekwa mahali palipofungwa chafaa kwa siku mbili tatu. Kinyonga aliye na majani ya kujifichia hutulia kuliko yule aliye wazi, kwani ajuaye kwamba aweza kujificha hana haja ya kupigana.

Pili, kiinue kizimba juu, matawi ya juu yawe usawa wa macho ya mtu au zaidi. Asiyetazamwa kutoka juu hupungukiwa na nusu ya hofu yake. Pasiwe njiani pa watu, wala karibu na redio, paka, mbwa au kuku.

Tatu, mpe maji. Kinyonga aliyeokolewa mara nyingi yuko katika kiu kali, na macho yaliyodidimia ndani ni dalili yake. Lakini hatambui maji yaliyotulia katika bakuli. Hunywa matone yanayong'aa juu ya majani, kama umande na mvua. Nyunyizia majani maji polepole, asubuhi na jioni, kwa muda wa kutosha, kisha uondoke. Usimfunue kinywa kwa nguvu na kummiminia, maana maji yakiingia katika mapafu yatamwua.

Nne, mpe jua na kivuli kwa pamoja, achague mwenyewe. Jua la asubuhi humsaidia kujenga mifupa. Jua la mchana lisilo na pa kulikimbia humwua kwa muda mfupi.

Tano, mpe chakula kilicho hai: panzi, nyenje, nzi, mende wasiopuliziwa dawa. Ugali, mkate na nyama si chakula chake. Ulimi wake hufyatuka kwa urefu uzidio mwili wake, na akianza kuutumia mbele yako, hiyo ni dalili kubwa kwamba amani inakaribia. Asipokula siku ya kwanza usihangaike. Huenda anakuogopa wewe uliyesimama kumtazama.

Sita, na hili ndilo gumu kwa mtu wa vitendo, mwache. Kwa siku kadhaa usimguse kabisa. Nenda kwake kwa saa zilezile, kwa mwendo uleule, fanya kazi ya maji na chakula, ondoka. Ikiwa ni lazima ahamishwe, usimshike mgongoni wala usimvute kutoka tawini, kwa sababu hatalegeza mshiko, na kucha zake zaweza kung'oka. Mwekee tawi au kiganja mbele yake na chini kidogo ya kifua chake, umguse mkia taratibu kwa nyuma, naye mwenyewe atapanda. Kinyonga hupenda kupanda kwenda juu. Itumie tabia hiyo badala ya kushindana nayo.

Ikiwa baada ya yote haya ukali wazidi, tafuta sababu iliyofichika. Chunguza alama ya kamba, jeraha la jiwe, jicho lililofumba mchana, kiungo kilichopinda. Kinyonga aonaye maumivu hana njia nyingine ya kusema. Pengine ni jike lenye mayai: majike ya namna nyingi wakiwa na mimba hupata rangi kali na kumkaripia kila awakaribiaye. Wale wa Chamaeleo dilepis hutaga makumi ya mayai ardhini, hivyo jike linalozungukazunguka chini likikwaruza linahitaji udongo laini wenye unyevu wa kuchimba. Likikosa, mayai huweza kuganda tumboni na kuliua. Hapo yafaa aonwe daktari wa mifugo.

ASIPENDWE KAMA MBWA

Yafaa pia tuseme kweli juu ya kipimo cha mafanikio. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, naye hufurahi akipapaswa. Kinyonga hakuumbwa hivyo. Aliyetulia haji kulala miguuni, wala hatikisi mkia. Anakaa juu ya tawi lake akiwa na rangi yake ya kijani, anakula, anakunywa, na wewe ukipita anakugeuzia jicho moja tu. Huo ndio ushindi wote. Mtu anayetaka zaidi ya hapo hatafuti utulivu wa mnyama, bali anatafuta kupendwa, na kwa hilo atamtesa.

Bujumbura si mgeni wa mafunzo ya namna hii. Sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa humo, ambao wengi wao walitoka katika mikono ya watu waliowafanya wanyama wa nyumbani, walianza kuhamishiwa Kenya mwaka 1993 kwa sababu ya vita, na hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters katika Ol Pejeta ikafunguliwa kwa ajili yao. Mnyama wa porini awekwaye nyumbani, awe mkubwa au mdogo, mwishowe humdai binadamu mahali pake pa asili.

MZIGO WA SOKSI

Kwa nini jambo la mnyama mdogo hivi liwashughulishe walinzi wa usalama? Jibu moja lilitoka Austria. Mwezi Januari 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna walimkamata mtu aliyetoka Tanzania kwa kupitia Ethiopia, naye ana vinyonga 74 walio hai. Walikuwa wamefichwa katika soksi na katika vyombo vitupu vya aiskrimu. Walitoka katika milima ya Usambara, na thamani yao katika biashara ya magendo ilikadiriwa kuwa kiasi cha euro 37,000. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, watatu hawakupona. Tanzania ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nchi za nje tangu mwaka 2016.

Sheria ya kimataifa ipo. Mkataba wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, ujulikanao kwa jina la CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973, na Burundi ilijiunga nao mwaka 1988. Takriban vinyonga wote wamo katika orodha zake, na wale wadogo wa misituni wa Afrika Mashariki, walio kama jani lililokauka, waliongezwa mwaka 2016. Maana yake ni kwamba asiye na kibali hana haki ya kuwavusha mpaka. Askari anayefungua mzigo akakuta soksi inayotikisika ana kazi mbili: kumzuia mhalifu, na kuwaweka hai waathiriwa. Vinyonga waliokufa ni hasara kwa nchi, na ni ushahidi uliooza.

ASIACHIWE POPOTE

Baada ya mnyama kutulia, mtu mwema hushawishika kufungua dirisha na kumwachia. Hapa pana fundisho la Hawaii. Mwaka 1972 mfanyabiashara wa wanyama huko alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wana kiu, naye akawaweka katika bustani yake wapate nguvu. Walipata nguvu, wakaenda zao. Leo hii wazao wao wameenea visiwani, wakila wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani popote pengine duniani. Huruma isiyo na utaratibu ilizaa msiba mwingine.

Kwa hiyo kinyonga aliyeokotwa ukutani Kinindo, ambaye ni mzima, arudishwe karibu na pale alipookotwa, mbali na watoto na barabara, mapema iwezekanavyo. Aliyetoka mahali pasipojulikana, au aliyekamatwa katika magendo, apelekwe kwa wenye mamlaka ya mazingira. Nchini Burundi kazi hiyo ilikabidhiwa OBPE, ofisi iliyoundwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya INECN. Askari aandike siku, mahali na hali ya mnyama, amkabidhi, apewe stakabadhi. Kumfuga bila idhini, hata kwa mapenzi, si uokoaji tena.

Ndugu zetu askari hufundishwa kwamba nguvu hutumika pale tu njia nyingine zimeshindikana, na isizidi kiasi kihitajiwacho. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zasema hivyohivyo. Ni rahisi kuikariri kanuni hiyo darasani; ni vigumu kuikumbuka mbele ya kiumbe anayefoka. Kinyonga ni mwalimu mzuri katika somo hilo, kwa sababu hatishiki akatii, wala hadanganyiki akapenda. Hutulia anapoondolewa sababu ya kuogopa, basi. Ampaye kivuli, maji, tawi la kushika na siku chache za kuachwa, atamwona mweusi akirudi kuwa kijani bila kumgusa hata mara moja.